Kromosomu ya Arobaini na Tano

Machi 2

Daktari amenipa msimu mmoja. Hakusema hivyo. Alisema, "Bibi, tutaangalia hali mvua zikiisha," huku akisoma karatasi ambayo alikwisha kuisoma. Nimefundisha watoto wa rika lake miaka thelathini na najua mtu anayekwepa macho yangu anajua jibu. Moyo wangu umechoka kusukuma. Maji yanabaki miguuni, na yakipata nafasi yanapanda kifuani. Nalala nimeketi, mito mitatu mgongoni, kama abiria.

Nimemwomba mdogo wangu daftari la mistari mipana. Ameniletea. Hakuuliza la nini.

Machi 3

Mvua ya kwanza. Fupi.

Machi 5

Sijui nani atasoma haya, kwa hiyo nitamweleza kila mtu mara moja tu.

Mdogo wangu tunamwita Sindano. Alipewa jina hilo na baba yetu kwa sababu ya wembamba, likamkaa kwa sababu ya ulimi. Ana miaka sitini na minane, mimi sabini na sita. Mumewe alipofariki alihamia kwangu, mimi nilipoacha kuweza kupanda ngazi akawa ndiye ngazi yangu. Ananiosha, ananipa vidonge vya kukojoza saa mbili asubuhi, ananitukana kidogo, tunakula.

Anaosha bilauri mara tatu. Sabuni, maji ya moto, maji baridi. Kisha anaiinua dirishani, anafumba jicho moja na kuizungusha. Akiona alama hata kama ya unywele, anarudia. Wageni hucheka. Mimi sijawahi kucheka, maana mimi ndiye niliyemfanya hivyo.

Nimeandika sentensi hiyo na mkono haujaanguka. Basi nitaendelea siku nyingine.

Machi 6

Miguu imevimba. Kidole kikibonyeza kinaacha shimo.

Machi 9

Mwanafunzi wangu wa zamani amepiga simu. Darasani tulimwita Foleni, kwa kuwa hakuna siku aliyofika kwa wakati na hakuna siku ambayo foleni haikuwa na makosa. Sasa ni profesa, kwenye kiti nilichokalia mimi.

"Mwalimu, shikamoo. Una muda kidogo?"

"Muda ndicho kitu pekee daktari amekataa kuniandikia. Sema."

Alicheka, kisha akaona haya kwa kucheka. Halafu akaniambia. Wamesoma jenomu nzima, yaani urithi wote wa kijeni, ya samaki wetu, yule yule mdogo wa mabwawa niliyemwandikia tasnifu. Kila kitu kilikaa mahali pake, ila wamebaki na kipande kisicho na nyumba.

"Kromosomu ya ziada, Mwalimu. Ndogo sana. Kwenye majike tu."

Nilimwambia mtandao ni mbaya, simsikii. Nilimsikia vizuri kabisa.

Anataka kuja wiki ijayo. Anataka sanduku langu la vioo vya zamani vya hadubini.

Machi 10

Nieleze kazi yenyewe, kwa kuwa kosa langu lilikuwa ndani ya kazi na si nje yake.

Miaka arobaini na mmoja iliyopita hatukuwa na mashine za kusoma jenomu. Tulikuwa na macho. Unamchoma samaki sindano ya dawa inayosimamisha seli zikiwa katikati ya kugawanyika. Unatoa figo yake, unaisaga taratibu, unaziweka seli kwenye maji ya chumvi hafifu mpaka zinavimba, kama miguu yangu ilivyo sasa. Unazihifadhi katika pombe na asidi. Kisha unanyonya tone na kulidondosha kutoka juu kwenye kipande cha kioo kilichopozwa. Tone likianguka vizuri, seli inapasuka na kromosomu zinatawanyika bila kupandana. Likianguka vibaya, umepoteza samaki.

Tone la Sindano lilianguka vizuri. Hakuwa na shahada. Alikuwa fundi wa maabara, ajira aliyoipata kwa mkono wake mwenyewe na si kupitia kwangu. Alisimama juu ya kigoda, akashikilia pumzi, akaachia. Mkuu wa idara, mtu asiyesifu hata chakula cha mkewe, aliwahi kusema, "Huyu binti ana mkono."

Mimi nilikuwa mtu wa mkasi. Tulipiga picha kupitia hadubini, tukaisafisha kuwa kubwa, nami nikakata kila kromosomu na kuzibandika kwenye karatasi jozi kwa jozi, kubwa hadi ndogo. Samaki wetu alikuwa na arobaini na nne. Jozi ishirini na mbili. Karatasi nadhifu, inayopendeza.

Nimechoka. Kesho.

Machi 11

Si leo.

Machi 12

Mvua tangu alfajiri. Sindano ameweka beseni ukumbini, paa linavuja pale pale lilipovuja mwaka jana.

"Dada, hili paa litatuzika."

"Litakuzika wewe. Mimi nina miadi yangu."

"Basi utangulie ukanishikie nafasi, maana na huko nasikia kuna foleni."

Tulicheka mpaka nikakohoa. Ananipiga mgongo kwa kiganja kilichokunjwa kidogo, kama mwuguzi wa kweli. Alijifunzia hospitali. Baada ya maabara alipata kazi ya kufua na kukunja mashuka ya wodi, akaifanya miaka ishirini na tisa.

Haya, niandike. Wakati mwingine picha ilikuwa na vipande arobaini na tano. Cha mwisho kilikuwa kidoa tu, kama nukta iliyowekwa na kalamu isiyo na wino wa kutosha. Hakikuwa na mwenzake. Nilikikata na kukiacha kianguke chini pamoja na vipande vya karatasi.

Sindano alikuwa akifagia. Akainama, akakiokota kwa ncha ya kucha.

"Dada, mbona huyu umemwacha?"

"Uchafu wa rangi."

"Rangi naichuja mimi mwenyewe. Na mbona huu uchafu unachagua majike?"

Nilimwambia afagie. Tasnifu ilikuwa iende kwa watahini baada ya wiki tano. Nafasi yangu ya kusoma ng'ambo ilisubiri tasnifu. Na Mkuu alikwisha kutangaza kwenye mkutano kwamba samaki ana arobaini na nne, wote, bila tofauti.

Sindano hakufagia tu. Alikwenda kwa Mkuu.

Machi 13

Mkuu aliniita. Akaniuliza mbele ya mdogo wangu: ni kromosomu au ni uchafu?

Nikasema ni uchafu.

Akamgeukia Sindano akamwambia kwamba maabara haiwezi kuwa na fundi mwenye mikono michafu na mdomo mrefu. Siku hiyo hiyo mdogo wangu akaondoka na koti lake la maabara. Nyumbani hakulia. Aliniuliza swali moja, "Kweli mikono yangu ilikuwa michafu?" Nikamwambia hutokea kwa kila mtu.

Machi 17

Foleni amekuja. Amechelewa saa moja na nusu. Mvua safari hii ndiyo yenye makosa. Amenenepa, ana mvi mbili tatu, na bado anakaa kwenye ukingo wa kiti kama anayengoja kuitwa ubaoni.

Sindano alileta chai, akabaki amesimama mlangoni na sinia.

Foleni alipoanza kueleza alisahau kwamba mimi ni mgonjwa, na nilimpenda kwa hilo.

"Mwalimu, kwanza tulidhani mashine imekosea. Tukarudia. Kumbe ni kromosomu kamili. Mwanzo wake nadhani ni kipande kilichovunjika kutoka kwenye kromosomu ya kawaida, zamani sana. Kisha kikaanza kuokota. Nakala ya jeni huku, nusu ya jeni kule, karibu kila kromosomu imechangia. Ni kama mpangaji ambaye kila akitembelea jirani anarudi na kijiko."

"Na kina kazi gani?" nikauliza.

"Kwa samaki, hakuna tunayoiona. Asiye nacho anaishi vizuri tu. Kazi yake ni kutopotea. Jike anapotengeneza yai, nusu ya kromosomu zinatupwa nje. Hiki kinakaa upande usiotupwa, mara nyingi kuliko inavyostahili kwa bahati. Kwa dume hakuna nusu inayotupwa, kwa hiyo hakipati nafasi kama hiyo. Kwa hiyo tunadhani, na hapa bado tunagombana, kwamba mojawapo ya jeni kilizookota inamsukuma mtoto awe jike. Kinatengeneza gari la kusafiria."

"Wengine wanacho kimoja na wengine viwili?"

Aliyeuliza alikuwa Sindano. Foleni aligeuka. Alimtazama yeye, akatazama sinia, akamtazama tena.

"Ndiyo, mama. Viwili ni nadra, lakini wapo. Umejuaje?"

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi yangu, wazi kama mlango. Nilikuwa na pumzi ya kutosha. Nikasema:

"Huyu ni mdogo wangu. Siku za mwanzo alikuwa akinisaidia maabara. Kuosha vyombo."

Sindano aliweka sinia mezani, polepole, bila hata kijiko kulia. Akaenda jikoni. Nikasikia maji ya bomba.

Foleni alisogea. Makala inakwenda kwa jarida mwisho wa Aprili. Kama vioo vyangu vya zamani vinaonyesha kipande hicho, itathibitika kilikuwepo miaka arobaini na mmoja iliyopita, na anaweza hata kupima kama kimeongezeka. "Na nina hakika uliona, Mwalimu. Jicho lako lile? Tasnifu haikutaja kwa kuwa enzi zile wasingekuelewa. Niruhusu niandike kwamba wewe ndiye wa kwanza kukiona."

Nilimwambia sanduku liko juu ya kabati na kwamba sina nguvu ya kulipanga leo. Arudi baada ya Pasaka, tarehe kumi na moja Aprili.

Machi 18

Asubuhi, akinivisha soksi za kubana:

"Jana ulisema kuosha vyombo."

"Nilijisahau."

"Mh." Akavuta soksi. "Mguu wa pili."

Nikatoa mguu wa pili. Halafu akaanza kucheka, kicheko kidogo cha puani, na nikaona macho yake yana maji.

"Dada, hukusikia? Kilikuwepo. Haukuwa uchafu. Mimi miaka yote hii nikijiambia labda nilichuja rangi vibaya, labda kitambaa kilikuwa na vumbi. Kumbe kilikuwepo."

"Kilikuwepo."

"Na wewe maskini ukadhani uchafu. Na Mkuu akadhani uchafu. Tulikosea wote, mimi nikakosea kwa kuwaamini." Akanibonyeza goti. "Usinune. Hukujua. Nani angejua wakati ule?"

Aliimba wakati wa kupika. Sijamsikia akiimba tangu mazishi ya mumewe.

Machi 19

Ameosha bilauri mara moja tu. Akaiweka kabatini bila kuitazama.

Machi 21

Mvua. Sindano amemsimulia jirani wa chini juu ya samaki. Amemsimulia na mwenye duka. Kila mahali simulizi inaisha kwa maneno yale yale: "Dada yangu hakujua."

Machi 23

Nimekula vijiko vinne.

Machi 25

Anayesoma ameelewa kwamba ningeweza kuishia hapa. Nimepewa msamaha ambao sikuuomba, kwa kosa ambalo sikulifanya. Ningeutumia wiki zilizobaki, nife nikipendwa.

Tatizo ni kwamba nilijua.

Jumapili moja, siku tatu kabla ya Mkuu kutuita, nilikwenda maabara peke yangu. Maneno ya Sindano juu ya uchafu unaochagua majike yalinikera kama kokoto kwenye kiatu. Nikatoa vioo vyote, nikafunika lebo kwa karatasi ili nisijue jike ni yupi wala dume ni yupi, nikahesabu tangu asubuhi hadi jua likawa la jioni. Nilipofunua lebo, kidoa kilikuwa kwenye majike tu. Niliandika kila kitu katika kidaftari chenye jalada la kijani, kwa mwandiko wangu, na tarehe.

Kwa hiyo Mkuu aliponiuliza, nilikuwa mtu pekee duniani mwenye uhakika.

Kidaftari sikukitupa. Mtu wa takwimu hatupi takwimu. Kimo ndani ya sanduku, chini ya vioo, na Foleni akilifungua atakiona kabla hajaona kioo hata kimoja.

Machi 28

Daktari ameongeza vidonge. Ameniuliza kama nina wasiwasi wowote. Nilimwambia wa paa.

Machi 30

Mvua siku ya nne. Ukuta wa chumba una ramani ya unyevu inayokua. Sindano ananisuka nywele zilizobaki. Anasema Foleni akirudi atamweleza jinsi ya kudondosha tone, maana vijana wa sasa watakuwa wamesahau. Amefanya mazoezi jikoni kwa mrija na maji, amesimama kwenye kigoda na miaka yake sitini na minane. Nilimkemea ashuke.

"Mkono bado upo, Dada," akasema. "Njoo uone." Kisha akakumbuka siwezi kwenda.

Aprili 1

Pumzi ni fupi. Ninaandika sentensi na kupumzika kabla ya inayofuata.

Aprili 2

Niandike haya yote leo, hata kama yatachukua siku nzima.

Baada ya chai nilimwomba Sindano ashushe sanduku. Alilipangusa, akaliweka kitandani. Nikatoa kidaftari cha kijani na barua kadhaa zisizo na maana nilizokifunikia, nikavifunga kwa uzi.

"Hivi ni karatasi za zamani. Vichome."

"Mvua hii? Jiko lenyewe linatoa moshi tu."

"Vichome polepole basi. Ni mambo ya ujana. Sitaki Foleni ayasome."

Aliinua nyusi. "Barua za yule mwenye pikipiki?"

"Nenda, Sindano."

Akaenda akicheka. Hakufungua uzi. Ningemwona, mlango wa jikoni unaonekana kutoka kitandani, nusu yake. Nilimwona akichuchumaa mbele ya jiko la mkaa, akipepea, akivuta barua ya kwanza kutoka kwenye uzi bila kuitazama, akiitia. Ilichelewa kushika moto. Akatia ya pili.

Nilikuwa nimepanga kila kitu isipokuwa kwamba angenitii hivyo. Kama angechungulia neno moja tu ningekuwa nimeshikwa, na ningeshukuru. Lakini alikuwa amegeuza uso pembeni, kwa heshima, kama mtu anayempitishia mwenzake taulo bafuni. Alikuwa akichoma ushahidi wake mwenyewe huku ameangalia ukutani ili asinivunjie siri.

Nikamwita. Sauti haikutoka. Nikajaribu tena, kikatoka kitu kama mlio wa mlango. Nikachukua chupa ya dawa na kugonga ukuta. Nikagonga mpaka kifuniko kikapasuka na vidonge vikamwagika.

Alikuja mbio, mkono mmoja mweusi kwa mkaa. "Nini? Kifua?"

"Cha kijani. Umekichoma?"

"Bado. Jalada gumu, nilikuwa nakiacha cha mwisho."

"Kilete. Ukisome."

Alikisoma amesimama. Kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda akakisoma tena, akifuata mistari kwa kidole kilichoacha alama nyeusi. Majike thelathini na mmoja, wenye kidoa kumi na tisa. Madume ishirini na wawili, hakuna. Chini nilikuwa nimeandika: Si uchafu. Yuko sahihi.

Mvua ilikuwa kubwa juu ya bati la jikoni. Aliweka kidole kwenye tarehe, akauliza:

"Hii Jumapili ni kabla ya mimi kufukuzwa au baada?"

"Siku tatu kabla."

"Kwa hiyo tulipokuwa ofisini kwake."

"Nilijua."

"Na nyumbani, nilipokuuliza juu ya mikono yangu."

"Nilijua."

"Na mwezi uliopita, nilipokuwa nazunguka mtaa mzima nasema hukujua. Ulikuwa unanisikia dirishani."

"Nilikuwa nakusikia."

Akafunga kidaftari. Akapiga magoti, akaokota vidonge vyote sakafuni, akavihesabu na kuvirudisha kwenye chupa. Akanipa viwili vya mchana na maji. Akapanga mito. Nilitaka anitukane. Ulimi ule uliompa jina uliniacha bila kitu.

Mlangoni akasema, "Nitamwambia jirani akutafutie mwuguzi. Sitakuacha bila mtu. Lakini siwezi kukuosha, Dada. Leo siwezi."

Akaondoka na kidaftari.

Aprili 4

Mwuguzi ni mtu mwema. Ananiita mama mkubwa na kunisemesha kwa sauti kubwa kana kwamba ugonjwa uko masikioni.

Aprili 5

Mvua.

Aprili 6

Mvua. Sindano yuko kwa binti yake, mitaa miwili kutoka hapa. Hapokei simu yangu. Anapokea ya mwuguzi, anauliza nimekojoa kiasi gani.

Aprili 8

Nilikuwa nikidhani nimemnyang'anya kazi. Leo, nikisikiliza beseni la ukumbini, nimejaribu kupiga hesabu upya. Kazi ni kitu kidogo. Nilimfanya asiyaamini macho yake mwenyewe, macho bora kuliko yangu, kwa miaka arobaini na mmoja. Nami wakati huo nilisimama darasani nikifundisha kromosomu za ziada za samaki wa nchi nyingine, nikichora nukta ubaoni. Foleni alikuwa mstari wa mbele, amechelewa, akinakili.

Aprili 11

Foleni kafika mapema. Nilidhani saa imesimama.

Nilimweleza yote, kwa vipande, mwuguzi akinishikilia oksijeni. Hakuandika kitu. Alivua miwani, akaivaa, akaivua tena.

"Mwalimu, hiki ni kitu cha faragha. Historia inaweza kuandikwa kwa upole. Tunaweza kusema 'kundi la utafiti liliona'. Na chuo kinajenga maabara mpya, kamati imekwisha kupendekeza ipewe jina lako."

"Upole huo utamfaa nani?"

Akatazama sanduku.

"Sanduku hilo usilichukue wewe. Lipeleke kwa fundi aliyevitengeneza vioo. Yeye aamue nani anavitazama."

"Na akikataa?"

"Basi makala yako itakosa picha, nawe utakuwa umechelewa tena. Umezoea."

Hakucheka. Alibeba sanduku kwa mikono miwili, akateremka ngazi taratibu kuliko nilivyowahi kumwona akifanya jambo lolote.

Aprili 13

Foleni amepiga. Sindano hajakataa. Hajakubali pia. Amesema kwanza anataka kukaa kwenye hadubini, peke yake, na mtu asimwambie kioo kipi ni cha nani.

Aprili 14

Siwezi kula. Jua kidogo mchana.

Aprili 16

Mwuguzi anasema Sindano anakwenda chuo kila asubuhi na kurudi jioni, binti yake analalamika juu ya macho ya mama yake. Ana kitambulisho cha mgeni shingoni na anakivaa hata sokoni.

Aprili 17

Usiku na mchana vinafanana. Ninangoja.

Aprili 21

Sindano amekuja.

Aliingia bila kubisha, akamtoa mwuguzi akanywe chai, akavuta kiti. Amekonda zaidi. Macho mekundu. Alikuwa na bahasha. Hakunisalimia, akaanza kama fundi anayetoa ripoti:

"Rangi imefifia lakini vioo vizima. Majike wenye kidoa ni kumi na nane."

"Niliandika kumi na tisa."

"Uliandika kumi na tisa na mimi pia nilikuwa na kumi na tisa kichwani. Jike wa saba si kweli. Ile ni punje ya rangi. Imekaa juu ya seli, ukizungusha skrubu ya hadubini inapotea kabla ya kromosomu zilizo chini yake. Nimeitazama siku mbili. Ni uchafu. Mikono yangu ilichafua kioo kimoja."

"Hakuna ambaye angegundua."

"Mimi nimegundua."

Ningekuwa mimi, ningeacha kumi na tisa, nami nilijua kwamba yeye anajua hilo.

Akatoa karatasi. Ni maelezo yatakayochapishwa pamoja na makala; Foleni ameyapiga chapa, Sindano ameyasema. Akanisomea. Kwamba vioo vilitengenezwa na fundi wa maabara, ambaye alikuwa wa kwanza kuitambua kromosomu ya arobaini na tano na kusema kwamba iko kwa majike peke yake. Kwamba mwandishi wa tasnifu alithibitisha jambo hilo kwa hesabu yake mwenyewe, kisha akalificha. Mahali fulani Foleni alikuwa ameandika "mdogo wake." Limekatwa kwa kalamu.

"Kwa nini umelikata?"

"Pale mimi si mdogo wa mtu. Mimi ni fundi."

Nikapumua. "Na hilo 'akalificha'. Lina ulazima?"

"Tafuta lingine lililo kweli, nitalibadilisha."

Alinipa nafasi ya kutafuta. Nimesoma vitabu vingi maishani, nimeandika vichache. Nilitafuta kwa uaminifu wote nilionao, nikijaribu neno moja baada ya jingine, naye akikaa na kalamu tayari. Sikupata.

"Liache," nikasema.

Akaweka karatasi juu ya ubao wa dawa, akaniwekea kalamu vidoleni nitie sahihi kwamba ni kweli. Nukta ya kwanza ilitua nje ya mstari. Nikamwomba anishike kiwiko, kidogo tu, kama anavyonishika nikinywa maji.

"Hapana," akasema. "Watasema niliusukuma mkono wako."

Akarudisha mikono yake mapajani, akakaa. Hakunihimiza wala hakutazama saa. Jina langu lina herufi kumi na nne pamoja na la baba, na niliandika kila moja peke yangu, nikipumzika katikati, naye akaningoja mpaka ya mwisho.